Anajenga modeli moja, ananunua tano: shida ni muda, bei au tamaa?

Gundi Kijani (mleta mada)

Wakuu, salamu.

Hoja yangu ni kwamba mlundo wa maboksi ya modeli za plastiki yasiyojengwa (zile ndege na vifaru vidogo vya kuunganisha) ni suala la hesabu, tabia haihusiki. Chukua ndege ya injini moja, skeli 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ya kweli), iliyojengwa kwa utulivu: chumba cha rubani, kuunganisha, puti na msasa, praima, rangi, klia (tabaka angavu la kulinda), dikali (alama za kubandika kwa maji), kuchakaza ionekane imetumika, klia ya mwisho. Saa 40 ni kawaida kabisa. Mwenye kazi na familia anapata saa nne kwa wiki, hivyo ndege moja ni wiki kumi, na kwa mwaka ni tano. Huyohuyo akinunua boksi moja tu kila mwezi, na hakuna atakayemwita mfujaji kwa hilo, mwaka unaisha na maboksi saba ya ziada. Baada ya miaka kumi ana sabini. Hata akiacha kununua siku hiyohiyo, sabini hizo zitamchukua miaka 14.

Kununua ni dakika tano kwenye simu. Mnaosema ni tamaa au ugonjwa, nionyesheni kosa kwenye hesabu.

Bi Skeli #2

Hesabu haina kosa, ila haijajibu swali uliloliuliza mwenyewe. Inaonyesha mlundo unavyokua. Haionyeshi kwa nini mtu anayejua fika kwamba atajenga tano anaagiza kumi na mbili.

Kombo wa Mkunazini #3

Yakhe, mmekimbilia saikolojia kabla ya kutazama bandarini. Huku hakuna duka la kuingia ukatoka na boksi moja. Unaagiza Japani, Hong Kong au Ulaya. Boksi la ndege 1/48 lina kama sm 38 kwa 24 kwa 8. Ndani mna gramu 600 tu, lakini kampuni za usafirishaji wa haraka zinapima ujazo: zidisha urefu, upana na kimo, gawa kwa 5,000, inatoka karibu kilo moja na nusu. Hiyo ndiyo unayolipia. Halafu VAT, 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, inapigwa juu ya jumla ya bei, nauli, bima na ushuru. Yaani nauli nayo inalipiwa kodi.

Sasa nani ataagiza boksi moja? Unangoja, unakusanya orodha, unaagiza matano kwa mpigo. Mlundo umeanza hapo, hata gundi hujafungua.

Kijana wa Altona #4

Kombo, kwenye ujazo rekebisha kidogo. Maboksi matatu ukiyapandanisha yanakuwa 38 × 24 × 24, ambayo ni kilo 4.4, mara tatu ya lile moja. Kuunganisha mzigo hakupunguzi ujazo. Unachookoa ni zile gharama zisizobadilika: ada ya chini ya kifurushi, ada ya wakala wa kukutolea mzigo, na bei ya kila kilo inayoshuka mzigo unapokuwa mkubwa. Ukitaka gramu 600 zihesabiwe kama gramu 600, tumia posta ya kawaida inayopima uzito halisi, ukubali kusubiri.

Lakini kama sababu ni forodha, sisi wa Ujerumani tungekuwa na boksi mojamoja. Maduka yapo, boksi la Revell unalipata hata kwenye maduka ya vitu vya watoto, na bado milundo ya hapa ni ya kujaza chumba. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021, Umoja wa Ulaya (EU) ulipofuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22, hakuna tena faida ya kugawa oda vipandevipande. Ila milundo ilikuwepo kabla ya hapo.

Mzee wa Kalibu #5

Wote mmepita pembeni ya kiwanda. Modeli haitengenezwi mfululizo. Kalibu ya chuma, yaani umbo la kutolea vipande vya plastiki, inafungwa kwenye mashine, linatoka kundi moja la maboksi, kalibu inateremshwa na kurudishwa stoo, inafungwa nyingine. Zamu yake kurudi inaweza kuwa mwaka ujao au miaka kumi baadaye, kutegemea oda za mawakala. Katikati hapo boksi halipatikani, na anayelo anauza kwa bei anayotaka.

Mnunuzi aliyeumwa mara moja anajifunza: ukiliona, lichukue. Huo ndio mlundo. Anajilinda na uhaba wa kweli. Na viwanda vinayumba pia. Airfix ilinunuliwa na Hornby mwaka 2006 baada ya mmiliki wake, Humbrol, kufilisika. Mwaka 2018 Revell ikauzwa kwa wawekezaji wa Ujerumani baada ya kampuni mama ya Marekani kuanguka. Kila habari kama hiyo ikitoka, watu hukimbilia madukani.

MsasaMwembamba #6

Mzee, nakuheshimu, lakini mifano yako inakupinga. Airfix ipo. Revell ipo. Kalibu za FROG, kiwanda cha Uingereza, zilipelekwa Urusi ya Kisovyeti miaka ya 1970, zikauzwa kwa jina la Novo, na plastiki yake imeendelea kutoka kwenye maboksi ya Ulaya Mashariki kwa miongo. Za Matchbox zikaishia kwa Revell ya Ujerumani. Kalibu ya chuma haifi ovyo, inabadilisha boksi tu.

Hatari iliyopo ni kinyume cha uhaba: unaweka boksi miaka minane, kisha inakuja kalibu mpya. Mwaka 2019 Tamiya ya Japani ilitoa ndege ya kivita P-38 ya 1/48. Waliokuwa na P-38 tano za zamani, zile ambazo mikono miwili ya mkia inagoma kukaa sambamba, walilala na mali wakaamka na makopo. Mwaka 2021 ikaja F-4B Phantom ya Tamiya, skeli ileile, na simulizi ikajirudia. Sasa ana modeli ambayo hataki kuijenga kwa sababu kuna bora zaidi, na hawezi kuiuza kwa sababu kila mtu anajua hivyo. Hiyo inabaki kabatini milele. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kila mlundo ni hizo.

Mzee wa Kalibu #7

Msasa, umejibu upande wa chuma tu. Watengenezaji wadogo wanatumia kalibu laini zinazochakaa mapema. Rezini, ile plastiki ya kumiminwa kwa mkono, ndiyo usiseme: kalibu ya silikoni inatoa nakala 20 hadi 50 hivi kisha inaanza kuchanika kwenye kona. Ikiisha imeisha.

Halafu hata plastiki ikirudi, dikali hazirudi lazima. Eduard wa Ucheki wana matoleo maalumu ambapo wanachukua plastiki ya kiwanda kingine, wanaongeza dikali zao, vipande vya shaba na kijitabu. Ukilikosa toleo hilo, plastiki utaipata, ila ile ndege mahususi uliyoitaka huna.

fundi_wa_kesho #8

Wakuu mnatetea kabati zenu kwa ufundi wa hali ya juu 😂 Mimi nimekuja kuuliza tu: mbona kwenye picha za humu modeli ambazo zimeunganishwa lakini hazijapakwa rangi ni nyingi kuliko zilizokamilika?

Injinia wa Kinondoni #9

Fundi wa kesho umeuliza kwa utani lakini ndipo penyewe. Kazi ina shingo nyembamba, na shingo hiyo ni rangi. Kuunganisha kunahitaji koleo la kukatia, kisu, msasa na gundi nyepesi ya majimaji, basi. Ukifika kwenye rangi unahitaji bomba la kupulizia lenye tundu la mm 0.3, kompresa yenye tangi la lita tatu hivi, kidhibiti cha presha, kichujio cha maji, kinyago na mahali pa kutolea moshi. Presha ni psi 15 hadi 20. Rangi unaizimua hadi iwe kama maziwa.

Mambo yanaharibika hivi. Pwani hewa ina unyevu, kompresa ikipata moto maji yanajikusanya kwenye mpira, na katikati ya bawa linatoka tone. Joto linakausha rangi kwenye ncha ya sindano, mpulizo unaanza kutema vidoa. Ukisogea mbali, rangi inakauka hewani na kutua kama vumbi, uso unakuwa na chengachenga. Ukisogea karibu, inatiririka. Mtu akiharibu modeli mbili kwa namna hiyo, ya tatu anaiunganisha na kuiweka rafuni bila rangi. Hamu haijafa, kwa hiyo anafungua boksi jipya, kwa kuwa sehemu ya kuunganisha ndiyo anayoiweza. Akifika kwenye rangi, anasimama tena.

Kwa hiyo usihesabu saa 40 kama mleta mada. Hesabu ni hatua gani inamshinda. Mpe huyu mtu saa mia, ataunganisha modeli sita na hatamaliza hata moja.

Kombo wa Mkunazini #10

Injinia umesema. Na rangi yenyewe haipandi ndege. Rangi za enameli na laka ni vimiminika vinavyowaka, posta ya anga inazikataa. Watu wanasahau kwamba hata akriliki ya Tamiya ina alkoholi ndani, nayo inarudishwa. Zinazopita kwa urahisi ni zile za maji, mfano Vallejo. Ndiyo maana boksi linafika na rangi haifiki.

Anayetaka kumaliza kwa vya hapahapa: alkoholi ya isopropili inauzwa kwa mafundi simu, inazimua akriliki ya Tamiya vizuri tu. Msasa wa maji namba 400, 800 na 1000 upo maduka ya rangi za magari. Praima ya kopo ya magari inafaa ukipuliza kwa mbali, tabaka nyembamba mbili tatu. Ukiimwagilia, thina iliyomo inakula plastiki na mistari ya paneli inapotea. Thina ya NC, ile kali ya rangi za laka, iache kwa kusafishia bomba.

Bi Skeli #11

Narudi kwenye swali. Mna dhana kwamba boksi lisilojengwa ni deni. Nani kasema? Mama akiwa na sanduku la kanga doti arobaini, hakuna anayemuuliza atazivaa lini zote. Anazifungua, anazipanga, anasoma majina, anajua kila moja ilitoka wapi. Kukusanya modeli ni starehe inayojitegemea: michoro ya boksi, kijitabu cha maelekezo, kupima kipande kimoja na kingine bila gundi, kulinganisha viwanda viwili vilivyofanya ndege ileile. Wapo wanaojua Spitfire za 1/48 za viwanda vinane na hawajapaka rangi hata moja. Hao ni wakusanyaji, tuache kuwaita wajenzi walioshindwa.

Wa pili ni mtu wa vikolombwezo, na huyu ni mjenzi kweli. Ana boksi, anataka kiti cha rezini, mtutu wa chuma, barakoa za vioo (vibandiko vya kuzuia rangi), dikali bora. Vinne vimefika, cha tano hakipo. Hawezi kuanza, maana kiti kinaingia kabla ya kufunga mwili wa ndege. Akiwa anangoja, ananunua boksi lingine, nalo lina orodha yake. Akifika boksi la kumi hana hata moja ambalo limetimia, na pesa iliyotumika ingetosha kumaliza manne.

Gundi Kijani #12

Dada, hilo la sanduku nalikubali kwa asiyejenga kabisa. Lakini wengi humu wakiulizwa wanajibu “nitaijenga”. Mkusanyaji hasemi hivyo.

Injinia, kuhusu shingo nyembamba: hiyo inatibika kwa kujenga kwa mafungu. Ndege nne za nchi moja, vyumba vya rubani vyote rangi moja, unapuliza siku moja na kusafisha bomba mara moja. Enameli inataka kama siku nzima kukauka, rangi ya mafuta siku kadhaa, na muda huo wote unafanya kingine.

Injinia wa Kinondoni #13

Kwa mafungu ukikosea uwiano wa rangi na kizimuzi, umekosea nne badala ya moja. Na vipande vidogo vya ndege nne vikichanganyika mezani, kutafuta mlango wa gurudumu la kushoto ni kazi ya jioni nzima.

Kijana wa Altona #14

Naongeza sababu moja ambayo haijatajwa, ya kwa nini mlundo haupungui hata mtu akiamua kuupunguza. Mchumi Richard Thaler aliieleza mwaka 1980: mtu akishamiliki kitu anakithamini kuliko ambavyo angekilipia. Mwaka 1990 yeye, Kahneman na Knetsch wakajaribu kwa vikombe vya kawaida, na waliopewa vikombe walidai bei zaidi ya mara mbili ya waliyokuwa tayari kutoa wanunuzi. Tazama matangazo ya kuuza modeli: boksi limefunguliwa, dikali za njano, na bei ni ya boksi jipya pamoja na nauli aliyolipa yeye. Haliuziki, linarudi kabatini. Wakati huohuo yeye mwenyewe hawezi kumnunulia mwenzake kwa bei hiyo.

MsasaMwembamba #15

Na kabati lenyewe si benki. Wanaosema “akiba ya uzeeni” wajue ni nini kinaharibika ndani ya boksi lililofungwa.

Cha kwanza ni matairi na minyororo ya vifaru ya vinili laini. Vinili ina mafuta ya kuilainisha, mafuta hayo yanahamia kwenye polisitirini (plastiki ya modeli yenyewe) iliyoigusa na kuila. Unafungua boksi la miaka 15, tairi limezama kwenye rimu kama lilichomwa na pasi. Likiwa limelala kwenye kipande cha kioo, kioo hicho ni cha kutupa. Tenga vinili siku boksi linapofika.

Cha pili, vipande virefu vya rezini, mitutu hasa, vinapinda kwenye joto. Hivyo vinarudi: maji ya moto, si yanayochemka, nyoosha juu ya kioo bapa, tia maji baridi. Polisitirini yenyewe inaanza kulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo chumba chenye bati hakitaiyeyusha. Buti la gari lililoanikwa juani ni habari nyingine kwa vipande vyembamba.

Cha tatu, mchwa. Boksi ni karatasi. Usiliweke sakafuni wala usiligusishe ukutani.

fundi_wa_kesho #16

Vinili nitenge kwenye mfuko gani, na mifuko yenyewe huku ilishapigwa marufuku? 😂

MsasaMwembamba #17

Foili ya jikoni, mkuu. Kunja mara mbili. Au kichupa cha glasi.

Mzee wa Kalibu #18

Msasa kasahau dikali, na ndizo zinazovunja moyo. Kabla ya kuanza boksi la zamani, kata alama moja usiyoihitaji, tia maji ya uvuguvugu nusu dakika hadi dakika, ijaribu kuisogeza juu ya plastiki chakavu. Ikitawanyika vipandevipande, karatasi nzima ipulizie klia tabaka mbili nyembamba, iache ikauke siku nzima. Baada ya hapo filamu imeungana, kwa hiyo kila alama unaikata mwenyewe kuifuata ukingo, la sivyo karatasi nzima itateleza kwa pamoja. Kama imegeuka njano, ibandike kwa tepu kwenye kioo cha dirisha, uso ukitazama jua, siku chache hadi wiki mbili. Chungulia kila siku, kwa jua letu nyekundu inaweza kufifia kabla njano haijatoka.

Pia karatasi za dikali zisilaliane bila karatasi ya nta katikati. Unyevu unazigandisha, na hapo hakuna dawa.

Kijana wa Altona #19

Pembeni kidogo, maana kwenye uzi mwingine kuna aliyeandika kwamba Tamiya ilianza 1960 na modeli za plastiki. Kampuni ni ya 1946, Shizuoka, ilianza na mbao. 1960 ni mwaka wa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, skeli 1/800. Na ile 1/35 ya vifaru haikupangwa. Panther yao ya kwanza ilipimwa ili mota na betri vienee ndani, baadaye ndipo wakapiga hesabu wakaona ni kama 1/35. Wengine wote wakafuata.

Kombo wa Mkunazini #20

Kwa kuwa tumeshatoka njiani: kuna aliyewahi kuimaliza modeli ya ndege ya abiria Super VC10 ya kiwanda cha Roden, 1/144, ile ya East African Airways? Shirika lilikuwa nazo tano na lilikufa 1977, na kila mwenye mapenzi na ndege huku analo boksi hilo au analitafuta. Picha za iliyokamilika sizioni.

Injinia wa Kinondoni #21

Utaziona wapi, zote ziko kabatini.

Sababu ni za kiufundi. Ndege yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 52.3, kwa hiyo modeli ni sm 36, mshono wa mwili ni mrefu na wote unaonekana. Injini nne ziko nyuma, modeli inakaa kwa mkia usipotia uzito puani. Utie kabla ya kufunga mwili, na uujaribu kwa tepu ukiwa umeshikiza mabawa na mkia, kwa sababu baada ya gundi hakuna mlango wa kurudia.

Kombo wa Mkunazini #22

Uzito si tatizo, vipande vya risasi (madini) vya mishipi ya kuvulia vimejaa hapa Malindi ya Unguja, sokoni. Navishika kwa gundi nyeupe ya mbao, inajaza vizuri.

Mzee wa Kalibu #23

Hapana! Risasi na gundi nyeupe havikai pamoja. Tindikali ya gundi inakula risasi polepole, unatoka unga mweupe kama chokaa ambao unavimba, na baada ya miaka kadhaa mwili wa ndege unapasuka kwenye mshono kutoka ndani. Shika kwa epoksi ya vichupa viwili, au tumia nati za chuma.

Kombo wa Mkunazini #24

Epoksi inatoa joto ikiganda, Mzee. Nikiijaza pua nzima kwa mara moja plastiki nyembamba itapinda au?

Mzee wa Kalibu #25

Itie kidogokidogo, kijiko cha chai kwa awamu, na chagua ile ya kuganda saa kadhaa badala ya ya dakika tano. Ya haraka ndiyo inayopata moto.